Koki ya Maji ya Moto

Mwaka tisini na tatu Baba alipatwa na kiharusi, na baada ya hapo vitu vilimtoka kimoja kimoja. Kalamu ilitangulia, kwa kuwa mkono wa kulia haukushika tena. Ikafuata baiskeli. Kisha shamba la kahawa la Akheri, alilokuwa akilipalilia kila Jumamosi, likabaki kwa baba mdogo. Kanisani akahamia benchi la nyuma kabisa ili asiwasumbue watu kwa mguu wake. Alikuwa karani mkuu wa ghala la kahawa, Mzee Elimringi wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, na sasa dada yangu Aikande ndiye aliyemfunga vifungo.

Kitu kimoja hakukiachia. Alioga mwenyewe.

Nyumba yetu ya Kijenge ilijengwa na Mgiriki mmoja kabla ya Uhuru, na humo bafuni aliacha hodhi kubwa la chuma lenye miguu minne. Lilikuwa na koki mbili za shaba, moja ya maji baridi, moja ya maji ya moto. Maji ya moto yalitoka kwenye pipa lililojengewa tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Unachochea kuni chini, na baada ya saa moja pipa linanguruma. Baba alikuwa na utaratibu wake. Anakaa ukingoni, anaivuta miguu ndani kwa mkono wa kushoto, anashika kamba tuliyomfungia ukutani, anajishusha. Anafungulia baridi kwanza, kisha moto. Nusu saa nzima tunamsikia akiimba nyimbo za kipaimara kwa Kimeru. Alikuwa akitoka humo ameshajichana nywele, na kwa muda ule mfupi ungeapa kwamba haumwi.

Tuliondoa komeo la mlango, daktari alisema hivyo. Baba alikubali kwa sharti moja, akatuita sebuleni kutuambia.

"Nikiwa humo ndani, mtoto wangu haingii. Si wa kike, si wa kiume. Nikikwama, mwiteni Uwesu."

Mzee Uwesu alikuwa fundi bomba wa Kaloleni na rafiki wa Baba tangu siku alipokuja kuzibua choo chetu mwaka sabini na moja. Alikuja kila siku baada ya sala ya Alasiri, wakacheza drafti kwa vizibo vya soda. Walikuwa rika moja. Kwa Wameru, rika anaweza kukuona uchi, na mtoto hawezi. Sharti la Baba halikumshangaza mtu yeyote nyumbani.

Mwaka wa pili koki ya maji ya moto ikaanza kuvuja. Kwanza tone, kisha uzi mwembamba wa maji usiokatika mchana wala usiku. Mzee Uwesu akaja na mfuko wake wa turubai, akafunga maji nje kwenye koki ya pipa, akafungua kichwa cha koki, akakigeuzageuza mbele ya dirisha.

"Washa, hiki kipete cha kuzuia maji, ni nzima," akasema. "Hii niliikata mwenyewe, ngozi ya ng'ombe, bado miaka mitatu. Ugonjwa uko kwenye skrubu ya ndani. Mikato imelika. Ona, ikifika hapa inateleza."

"Basi nunua nyingine, fundi," Baba akasema.

"Ya kununua wapi, Baba Aikande? Koki hii ni ya kizamani. Kuna mzee huko Moshi anavunja nyumba za reli, ana za namna hii. Nimtumie salamu. Wiki mbili, tatu."

"Na mimi nioge wapi wiki tatu?"

"Kwenye ndoo, kama sisi wengine. Au unadhani Kaloleni tuna mahodhi?"

Wakacheka. Lakini nilimwona Baba akiangalia ndoo. Kuoga kwenye ndoo kulitaka kuinama, na kuinama kulitaka mtu wa kumshika. Kuanzia kesho yake Mzee Uwesu alikuja mapema zaidi, wakaingia bafuni pamoja, na humo ndani hapakusikika wimbo wowote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikiuza redio na kaseti kwenye duka la mtu mjini. Usiku niliandika mashairi. Vina na mizani nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na kwa sababu hiyo nikaamini kwamba hakuna kazi chini ya jua ambayo mtu mwenye akili anahitaji kufundishwa. Na ilikuwa miaka ya namna hiyo. Tulikua tukipanga foleni ya sabuni, na ghafla maduka yakafurika: pasi za Dubai, viatu vya Taiwani, mabomba yanayong'aa kama vyombo vya altareni. Kila nilipopita kwenye duka la vifaa vya ujenzi niliyaona yametundikwa kwenye misumari, na nikamfikiria mzee mmoja anayengoja salamu kutoka Moshi kuhusu chuma cha Mgiriki.

Siku ya nane sikuvumilia. Nikaingia dukani.

"Ya nusu inchi au robo tatu?" mwenye duka akaniuliza.

"Ya hodhi," nikasema.

Akanipa kichwa cha koki chenye rangi ya shaba, kizuri, chepesi mkononi. Wepesi wake ungenitosha kuwa onyo. Nilipofika nyumbani nikafunga maji nje, kwenye ile koki ya pipa, nikatoa kichwa cha zamani, nikaweka kipya. Hakikuingia vizuri. Kilishika mizunguko miwili kikagoma. Nikazungushia katani, nikapaka mafuta, nikakamata spana kwa mikono miwili nikakilazimisha mpaka kikakubali. Nikafungulia maji. Nikafungua, nikafunga, mara tano, mara kumi. Hakuna hata tone.

Mzee Uwesu alinikuta nimesimama katikati ya bafu, nimeloa, nimejaa sifa.

"Shikamoo, Mzee Uwesu. Njoo uone."

"Marahaba." Akainama, akagusa koki kwa kidole kimoja kama mtu anayempima mgonjwa joto. "Umeijaribu kwa maji ya moto?"

"Maji ni maji."

"Nakuuliza umeijaribu kwa maji ya moto, kijana. Pipa lina moto leo?"

Halikuwa na moto. Nilijaribu kwa maji baridi yaliyolala pipani tangu jana. Lakini Baba alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo, anaitazama ile koki kwa furaha niliyokuwa sijaiona usoni mwake kwa siku nane, na mimi sikutaka furaha hiyo ipitie kwa mtu mwingine kabla ya kurudi kwangu. Nikafungua mdomo, ukatoka ubeti:

"Fundi wa ngozi na kamba, zama zako zimekwisha!"

Aikande alicheka jikoni. Hata Baba alitabasamu. Mzee Uwesu akanyanyuka taratibu, akifuta kidole kwenye suruali.

"Shairi zuri," akasema. "Sasa kesho lisomee na bomba, tuone kama litaitikia."

"Husuda hiyo, fundi!" Baba akamtania. "Mtoto kakunyang'anya kazi."

"Mimi? Namwombea. Nimechoka kukusugua mgongo, wewe mzito kama gunia la kahawa mbichi." Kisha akanigeukia, na hapo hakuwa anatania. "Usimwingize humo mpaka mimi nimeijaribu kwa moto. Kesho baada ya Alasiri nitakuja. Nisubirini."

Nikasema sawa.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko la Ngaramtoni, na Aikande aliondoka alfajiri na mabunda yake ya mitumba. Tulibaki wawili, Baba na mimi, kwa kuwa mwenye duka alinipa ruhusa. Saa tisa nikawasha moto. Nilichochea kuni za mgrivea kuliko siku zote, nikijiambia kwamba ameoga vuguvugu la ndoo siku nane, leo apate maji ya kweli. Pipa likanguruma.

Saa kumi kasoro Baba akatoka chumbani na taulo begani.

"Mzee Uwesu alisema tumsubiri, Baba."

"Uwesu anajaribu koki au anajaribu akili yako?" akasema. "Si umeitengeneza wewe?"

"Nimeitengeneza mimi."

"Inafunga?"

"Inafunga."

Ningeweza kusema neno moja tu hapo. Ngoja. Herufi tano, na adhana ya Alasiri ilikuwa imeshasikika kutoka mjini, Mzee Uwesu alikuwa njiani. Sikulisema. Baba alinipiga begani kwa mkono wa kushoto, akaingia, akafunga mlango.

Nilikuwa uani nikipanga kuni zilizobaki. Nikasikia maji baridi, kisha ya moto, kisha wimbo. Nilisimama na gogo mkononi nikisikiliza ule wimbo, na nakiri kwamba sijawahi kujiona mtu mkubwa kama dakika ile.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Uwesu!"

Nilidhani Mzee Uwesu amefika, anamsalimia kupitia dirishani. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

"Uwesu! Uwesu!"

Nikatupa gogo nikakimbia ndani mpaka mlango wa bafu. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya mlango, pamoja na maji yaliyomwagika, yakanilowesha viatu. Niliyasikia maji yakimiminika kwa nguvu zote na koki ikizungushwa, inazunguka, inazunguka kama kifuniko cha chupa kisichoshika. Baadaye nilikuja kuona kilichotokea: ndani ya ile rangi ya shaba palikuwa na plastiki, moto ukailainisha, mikato ikayeyuka. Hakuna aliyeweza kuifunga tena kwa mkono. Kizibo cha hodhi kilikuwa upande ule ule wa mabomba, chini ya maji.

"Uwesu, nisaidie!"

Mlango haukuwa na komeo. Ulikuwa mlango wa mbao mwepesi, ungefunguka kwa bega la mtoto. Nikaweka mkono juu yake. Na hapo nikasimama.

Sitaki kujitetea. Nasema tu kilichokuwa kichwani. Nilimwona Hamu mwana wa Nuhu, kama mwinjilisti alivyotufundisha darasa la kipaimara, aliyeuona uchi wa baba yake na kizazi chake kikalaaniwa. Nilimwona Baba sebuleni akisema mtoto wangu haingii. Nilisikia kwamba hata sasa, katika maumivu yale, jina langu halitaji. Alijua niko uani. Alikuwa anamwita mtu ambaye hayupo badala ya kuniita mimi niliyepo. Nikajiuliza: nikiingia, atanisamehe? Nilijiuliza hivyo huku baba yangu anaungua.

Kisha akanyamaza.

Kimya kile ndicho kilichonitoa pale, na kikanitoa kwenda upande usio wenyewe. Sikuingia. Nilikimbia nje ya geti, barabarani, nikipiga kelele. Mzee Uwesu alikuwa kwenye kona, anakuja na mfuko wake, hatua zake za kila siku.

"Mzee Uwesu! Baba! Maji!"

Alikimbia. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Kabla hatujafika mlangoni alikuwa ameshaelewa, akanisukuma kando.

"Umefunga la nje?"

Sikumwelewa.

"Koki ya pipa! Umeifunga?"

Koki ya pipa. Ilikuwa pale pale uani, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama na gogo. Nilikuwa nimeifunga na kuifungua kwa mkono wangu jana yake. Mwanafunzi wa fundi wa siku moja angeikimbilia kabla hajakimbilia mlango, na asingehitaji kumwona mtu yeyote uchi. Niliizungusha mara nne na maji yakakatika, na bafuni nikamsikia Mzee Uwesu akisema, "Nishike shingo, Elimringi. Nishike shingo. Ndiyo hivyo." Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwita Baba kwa jina lake.

Miguu yote miwili iliungua mpaka juu ya magoti. Lakini kilichoungua zaidi ni mkono wa kushoto, ule mzima. Alikuwa ameutumbukiza kwenye yale maji kutafuta kizibo, na alipokosa, aliziba mdomo wa bomba kwa kiganja.

Alilazwa wiki tano. Aikande alilala sakafuni kando ya kitanda chake, mimi nilileta uji na mtori. Kila aliyekuja kumwona, wazee wa kanisa, ndugu wa Akheri, jirani, aliuliza imekuwaje, na kila mara Baba alijibu kwa maneno yale yale: "Nilizidisha moto mwenyewe." Nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya chai, nikisikia jinsi anavyonificha. Mzee Uwesu naye alikuwepo. Hakunitaja. Ningependa angenitukana mbele ya watu. Ningependa hata anisomee ubeti wangu.

Baba alirudi nyumbani na vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja, ngozi imevuta. Hakuweza kushika kamba ya ukutani. Hakuweza kushika kijiko. Mzee Uwesu aling'oa koki zote mbili, akaziba mabomba, na kila alasiri akawa anamwogesha Baba akiwa amekaa kwenye kiti, kwa ndoo, wakiwa wamefunga mlango.

Siku moja nilimsubiri uani amalize.

"Mzee Uwesu, nifundishe kazi."

Alikuwa anakamua taulo. "Kazi ya bomba nitakufundisha. Una mikono. Lakini siyo hiyo inayokukosesha usingizi."

"Unajua nini?"

"Siku ile ulitokea getini viatu vyako vimeloa. Maji yalikuwa yametokeza chini ya mlango wa bafu, hayakufika uani." Akalitundika taulo kwenye kamba, akanyoosha pembe zake. "Mimi sijamwambia. Kamwambie mwenyewe, au nyamaza mpaka kaburini. Chagua moja, ukonde au unenepe, lakini usinizungukezunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nilichagua Jumapili, baada ya ibada. Aikande alikuwa kwa jirani. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, ametazama Meru, ambao siku hiyo ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilipiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nibalehe.

"Baba, siku ile nilikuwa mlangoni."

Aliendelea kuutazama mlima.

"Nilisikia ulipoita mara ya kwanza. Nilifika. Niliweka mkono kwenye mlango nikashindwa. Nilisimama, Baba. Nilikusikia ukiungua na nilisimama."

"Najua," akasema.

"Mzee Uwesu amekuambia?"

"Uwesu hajaniambia kitu. Nilisikia miguu yako. Nyumba yenyewe hii ya Mgiriki, mtu akipita koridoni hodhi linatetemeka." Aliutazama mkono wake uliojikunja pale mapajani. "Nilijua ni wewe. Ndiyo maana nikaacha kuita."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeamini kwamba kile kimya kilikuwa cha mtu aliyezimia.

"Uliacha kuita?"

"Niliogopa utaingia."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la barabara. Mtoto wa jirani alipita na redio ikiimba, akatuamkia kwa mbali, "Shikamoo, babu," na Baba akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Na kama ningeingia?" nikamwuliza.

Alifikiri sana. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo la kumfurahisha mtu.

"Ningekuwa na mkono," akasema.

Nikalia. Hakunizuia. Baada ya muda akaanza kuzungumza, haniangalii, anauangalia mlima.

"Babu yako alikufa kwa tumbo la kuhara, kule Akheri. Siku nne. Wazee wenzake walikuwa shambani kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wewe, nina mke tayari. Nilikaa nje ya nyumba siku zote nne nikimsikia. Nilimsogezea kibuyu cha maji mlangoni kwa kijiti kirefu. Nilipomzika watu walinisifu. Walisema Elimringi ana adabu. Mchungaji alilitaja hilo mazishini. Nami nikainamisha kichwa nikapokea."

Mimi niliyekuwa na ubeti wa kila mtu na kila saa, nilipiga magoti pale na mdomo mtupu.

Adhana ya Alasiri ikasikika. Nikajua kwamba Mzee Uwesu atafika muda si mrefu, na maji yalikuwa tayari jikoni, nilikuwa nimeyachanganya na kuyapima kwa kiwiko mara tatu.

"Baba," nikasema, "leo niache mimi nikuogeshe."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Uso ukamlegea, midomo ikacheza kama anayetaka kukubali, na mkono ule uliojikunja ukanyanyuka kidogo kutoka mapajani ukaelekea kwangu. Kisha ukarudi ulipokuwa.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Nimejaribu kulifikiria tangu hospitali. Siwezi."

Tukakaa hivyo, yeye kwenye kiti na mimi chini, mpaka geti likagongwa na Mzee Uwesu akaingia akilalamika juu ya jua. Nikasimama, nikampokea mfuko wake, nikaenda kuwaletea maji.